Swali ambalo Sikumuuliza Baba

Ilikuwa Jumatatu moja ya Juni, mwaka 1978, nami nilikuwa nikikunja koti la baba kando ya kitanda chake hospitalini Nakuru. Mifuko yake ilikuwa bado na udongo wa shamba letu la Molo. Hadi leo, mwanangu, naukumbuka udongo ule.

Baba alikuwa na saratani ya kibofu cha mkojo. Alikuwa amepasuliwa, kisha akachomwa mionzi Nairobi, lakini uvimbe ukarudi. Daktari, mgeni asiyejua Kiswahili, akaniomba mimi, niliyekuwa likizoni kutoka chuoni, nitafsiri: wangependa kujaribu dawa mbili kwa pamoja, hakuna ajuaye kama zitasaidia, zitamdhoofisha, anaweza kukataa, au kuacha siku yoyote.

Nikasema, "Baba, hizi zitakuponya."

"Kabla ya kuvuna viazi?"

"Kabla, Baba."

"Basi waweke. Na umwambie huyu daktari nitamletea gunia zima. Mtu amekonda hivi atatibu nani?"

Mzaha huo niliutafsiri neno kwa neno. Daktari alicheka sana.

Kila awamu ya dawa daktari aliniagiza nimuulize baba kama bado anakojoa damu. Kwetu binti hamtajii baba yake mambo hayo. Nilimuuliza kama amelala vizuri, kisha nikamjibu daktari, "Hapana, hakuna damu." Akaandika. Baba alitapika hadi akashindwa kushika kikombe. "Msomi wangu," aliniuliza, "kupona ndiko huku?" Nikakichukua kikombe nikamnywesha maji.

Nilirudi chuoni. Wiki chache baadaye nilimwandikia:

"Baba, nilikudanganya. Dawa hizo zinajaribiwa tu, na una ruhusa ya kuziacha. Daktari naye nilimdanganya kuhusu damu. Rudi kwake na kaka, yeye atatafsiri, na hataona haya kuuliza. Viazi bado viko ardhini. Amua wewe."

Alirudi. Kaka alinisimulia maneno yake: "Mwambie daktari damu ipo, aandike vizuri, kuna wagonjwa wengine watakaofuata. Dawa nitaendelea nayo. Lakini mwezi wa kuvuna, niko shambani."

Akavuna, akiwa ameketi juu ya gunia, akitoa amri. Huo ndio uliokuwa msimu wake wa mwisho.

Mwanangu, ukiwekwa kati ya watu wawili wasiosikilizana lugha, fikisha maneno yote, hata yanayokuaibisha. Huruma isikufanye umwamulie mtu maisha yake. Mungu akupe ujasiri niliouchelewesha mimi, na akujalie mtu wa kukusamehe kama baba alivyonisamehe.