Neno Moja Katika Makala ya Nchelenge

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Lubumbashi, Mkuu wa Uhariri alinipa penseli nyekundu na kurasa tisa juu ya mji mdogo wa Kasenga, akasema: "Kata."

Nikamuuliza nikate nini. Alikuwa mtu mnene, mwenye koti hata wakati wa joto, na hakupenda maswali ya asubuhi.

"Kata kila kintu mutu wa mbali hawezi kuuliza. Halafu kata kila kintu mutu wa pale anakujisifia nayo. Kenye kitabakia, njo mji." Njo, kule kwetu, ni ndiyo.

Nyumba ile ya uchapishaji ilikuwa inatengeneza kamusi elezo, yaani kitabu kinachoeleza vitu, watu na mahali kwa mpangilio wa alfabeti. Nilidhani kazi itakuwa kuandika. Wapi! Kazi ilikuwa kufuta. Mwandishi wa Kasenga alikuwa amesema mji ni mzuri. Mkuu akanigeukia: "Uzuri ule ulipimwa na nani? Kwa kilo ao kwa mita?" Nikafuta. Mwandishi alikuwa ametaja pia mbuzi wa msimamizi wa wilaya, aliyekula bendera. Hiyo nilitaka kuiacha, kwa kweli. Mkuu akaifuta mwenyewe, tena akicheka.

Hapo ndipo nilipojifunza maneno ya kazi yetu. Rejeo ni maandishi ya mtu mwingine, yaliyokwisha kutangazwa, yanayoshuhudia unachosema. Bila rejeo, hata kama umeona kwa macho yako mawili, nyamaza. Uzito ni ukubwa wa nafasi unayoipa habari: ajali ya siku moja haiwezi kula aya nzima wakati ziwa lenyewe limepewa mstari mmoja. Na aya ya kwanza ni aya ya kwanza, vijana. Wengi hawafiki ya pili.

Vita vilitutoa Kongo, tukavuka ziwa Mweru hadi nchi ya jirani, na watoto na masufuria. Nilikaa kambini, nikalima mihogo, nikafundisha Kifaransa watu wasiokihitaji. Baada ya miaka, kamusi elezo ikafufuka, safari hii katika simu, na Mkuu mpya akanitafuta. Sasa alikuwa mwanamke. Wote tulimwita Madamu Mhariri Mkuu. Alikaa Lubumbashi, mimi akanifanya mhariri wa kanda hapa Nchelenge. Biro yangu, yaani ofisi, ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vocha, karibu na ofisi za halmashauri, na nilifurahi kama mtoto.

Msifikiri mji mdogo una makala rahisi. Mji mkubwa una vitabu vyake, unachagua tu. Mji mdogo una watu wanaokujua unapokaa. Mwenye nyumba ya wageni alikuja na picha za vitanda vyake. Mchungaji mmoja alitaka paa jipya la kanisa lake liingie. Diwani aliyekuwa amestaafu alikuja mara nyingi kuulizia sehemu ya watu mashuhuri, akiniletea samaki wa ziwani, wanono kweli. Samaki nilikula. Jina sikuliandika. Watu wa Kashikishi, mji wa jirani, nao walinijia kwa hasira: kwa nini soko lao na bandari yao vimewekwa ndani ya makala ya Nchelenge, kana kwamba wao ni kitongoji? Tulibishana wiki nzima, na mwisho Kashikishi ikapata makala yake, ila habari za lugha za miji yote miwili zikabaki katika ile ya Nchelenge. Walikuwa na haki.

Sasa niwaambie jambo lililonitoa jasho kuliko yote.

Mama Faida aliuza chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa juani, pale Kashikishi. Alizaliwa upande wa Kongo, akaolewa na mvuvi wa huku akiwa msichana. Asubuhi moja aliingia biro yangu bila kubisha hodi, kitenge amekikaza kiunoni kama mtu anayekuja kupigana.

"Ba Ilunga, njo weye unaandikaka ile kintu ya ku telefone, yenye kuelezea muji yetu?"

"Ni mimi na wenzangu, Mama. Karibu ukae."

"Sitakaa. Umeniuza! Banajenga banda ya mupya ku soko. Komite inasema meza ni za bantu ba hapa kwanza, bageni batangoja inje. Kijana mumoja wa komite akafungua telefone, akasoma mbele ya bote: Kiswahili ni luga ya bageni. Miye mugeni? Batoto sita nilizalia hapa. Bwana yangu analala hapa, ku makaburi ya hapa. Mugeni gani anazikaka huku?"

Nilifungua makala. Kweli, chini ya Lugha, ilikuwepo: "Wakazi husema Kibemba, Kiingereza hutumiwa ofisini. Kiswahili husemwa na wafanyabiashara wageni." Sentensi ya mwisho haikuwa na rejeo. Ilikuwa imeandikwa kabla yangu na Madamu Mhariri Mkuu mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeipita mara nyingi bila kuiona, mimi ninayesema Kiswahili usingizini. Niliona haya mbele ya mama yule.

"Naweza kuifuta sasa hivi," nikamwambia. "Haina rejeo, sheria inaniruhusu."

"Kufuta yote?"

"Yote."

"Aah, hapana! Ukifuta yote, njo umetuua kabisa. Batasema hata luga yetu haiko. Toa ile neno moja tu, bageni."

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Kufuta sentensi ni rahisi. Kuiacha bila lile neno maana yake ni kuthibitisha kwamba Kiswahili kinasemwa Nchelenge, bila kusema ni cha nani, na kwa hilo nilihitaji rejeo. Kamati ingegawa meza Jumamosi, na siku ile ilikuwa Jumanne.

Nilitafuta. Vitabu vilivyokuwapo vilitaja Kibemba, vikafunga mdomo. Sokoni Kiswahili kilikuwa kinapigwa masikioni mwangu kila upande, wanawake wakipatana bei, wapakiaji wakitukanana, na hakuna hata mstari mmoja uliochapishwa kusema hivyo. Mwenzangu mmoja alinishauri niandike mwenyewe karatasi, niichapishe, kisha niitaje. Nilimfukuza. Mhariri hawezi kuwa shahidi katika kesi anayoiamua.

Ijumaa niliingia choo cha soko kwa shida ya mwili, si ya kazi. Pale ukutani, juu ya ndoo ya maji, palikuwa na bango la ofisi ya afya juu ya kunawa mikono. Lilikuwa na lugha tatu. Juu Kiingereza, katikati Kibemba, na chini: "Kwa bakaaji bote ba Nchelenge: Safisha mikono mbele ya kukula." Muhuri ulikuwapo, tarehe ilikuwapo. Nilisoma neno lile bakaaji, wakazi, mara mbili, nikapiga kelele hadi mtu wa mlango wa pili akaniuliza kama ni nyoka.

Nikampigia Madamu simu.

"Bango ya choo, Ba Ilunga? Unataka kamusi elezo itegemee bango ya choo?"

"Bango la serikali, Madamu. Limetangazwa, lina muhuri. Linawaita wasomaji wa Kiswahili wakazi."

"Tahajia yake ni mbaya sana."

"Tahajia ni mbaya, ushahidi ni mzuri."

"Bon, sawa. Weka sentensi. Lakini neno wageni ibaki. Nilifika Nchelenge miye mwenyewe, nikasikia: benye kusema Kiswahili ni bantu ba kupita."

Mtu yule ndiye aliyenirudishia kazi, na kwa neno lake ningeweza kurudi kwenye mihogo. Lakini nilimwona Mama Faida na kitenge chake kiunoni.

"Kusikia si rejeo, Madamu. Neno wageni limeandikwa wapi?"

Akacheka, kicheko cha mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. "Toa," akasema.

Sentensi ikawa: "Kiswahili nacho husemwa mjini, hasa sokoni na bandarini." Jumamosi kijana yule wa kamati aliisoma tena mbele ya wote, kwa sauti ndogo zaidi. Mama Faida akapata meza, ya tatu kutoka mlangoni. Alinilalamikia kwamba kuna jua la mchana. Basi, binadamu.

Sasa nimestaafu. Neno langu la siri walilichukua siku ile ile ya keki ya kuniaga, na ninasoma kama ninyi wote. Kamusi elezo nayo imefunguliwa: msomaji yeyote anaweza kubadilisha makala, mradi aandike sababu pembeni. Jambo hilo linaniogopesha na kunifurahisha kwa pamoja. Kila asubuhi, kabla ya chai, naangalia makala ya Nchelenge. Mke wangu anasema ni ugonjwa.

Mwezi uliopita niliifungua, nikakuta mtu asiye na jina amerudisha neno wageni. Niliumia, siwafichi. Nikaenda kutafuta miwani ili nimwandikie mhariri aliyenifuata. Niliporudi, neno lilikuwa limeshafutwa na mtu mwingine asiye na jina. Pembeni, mahali pa sababu, aliandika: "Siye tuko ba huku."

Haina rejeo. Tahajia, msiseme. Zamani sababu kama ile ningeikataa bila kumeza mate. Nilivaa viatu, nikaenda Kashikishi.

Mama Faida alikuwa mezani pake, anagombana na mnunuzi kutoka mji wa Mansa. Nikangoja wamalize, kisha nikamwonyesha simu na kumsomea.

"Mama, ni wewe uliyeandika hivi?"

"Miye?" Akafuta mikono kwenye kitenge, akaitazama ile simu kwa kuibinua, kama anayekagua samaki. "Baba, miye sijuake kuandika. Lakini batoto bangu bote sita banajua."