Taulo Jeupe Kwenye Besi ya Kwanza

Nilifika Washington kwa basi la masafa marefu nikitokea Houston, asubuhi ya mwezi wa pili, baridi ikiwa imekaza. Kabla ya Houston kulikuwa na Johannesburg, kabla ya Johannesburg Dar es Salaam, na kabla ya yote Mbarali, kwenye mashamba ya mpunga nilikozaliwa. Mama alizoea kusema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Nadhani alikusudia nifike mpaka sokoni.

Ndani ya basi lile nililala nikiegemea kioo, nikaamka tuko Alabama, nikalala tena, nikaamka katikati ya misonobari ya Karolina isiyokwisha. Mwanamke wa siti ya pili alinigawia kuku wake wa kukaanga bila kuniuliza ninakwenda wapi. Vibao vya Virginia vilipoanza kutokea nikaingiwa na hofu, maana niliyekuwa ninamwendea tulijuana kwa simu tu: Mkenya wa kutoka Kisii, anayetunza wazee majumbani, mwenye chumba cha ziada Columbia Heights. Nilimkuta kituoni amevaa makoti mawili.

"Karibu, msee. Hapa ni kazi tu," akasema, akaninyang'anya begi.

Kazi niliyopata ilikuwa ya kukata nyasi kwenye chuo kimoja kidogo upande wa Maryland, mbele kidogo ya Takoma Park. Ukipita kwa gari ungekidhania sekondari. Kilikuwa na timu ya besiboli, na timu ilikuwa na kile ambacho kwetu tungekiita benchi la ufundi. Benchi lenyewe watu wawili. Kocha mkuu alikuwa Mmarekani mweusi, mzee mrefu mwenye sauti ya mhubiri, aliyefundisha pale miaka mingi kuliko jengo la mazoezi lenyewe. Msaidizi wake alikuwa kijana aliyewahi kuichezea timu ile ile chini ya mzee, sasa ana mtoto mchanga na macho mekundu ya mtu asiyelala.

Siku moja mpira uliruka uzio ukanikuta kwenye mashine yangu. Nikaurudisha. Nilikuwa mbali, lakini ulikwenda moja kwa moja ukatua kwenye glovu ya mzee.

"Wewe! Umejifunzia wapi kurusha?"

"Kwenye mpunga."

"Kwenye nini?"

Nikamweleza jinsi tulivyoamia ndege utotoni, tukiwarushia kwelea-kwelea madonge ya udongo tangu alfajiri mpaka jua linazama. Akacheka mpaka akashika uzio. Wiki iliyofuata nikawa nawarushia vijana wake mipira ya mazoezi baada ya kumaliza nyasi, na mechi zilipoanza akaniweka nisimame besi ya kwanza kama kocha, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine. Kwenye mchezo ule kila anayesaidia timu huitwa kocha, hata mimi.

"Kocha wa nini, msee?" mwenye nyumba wangu akanicheka jioni ile. "Mchezo wenyewe hujui. Wewe ni koch wa rungu!"

"Nasimama tu. Nawaambia wakimbie."

"Hiyo hata mimi naweza. Kimbieni! Nilipeni!"

Mchezo wenyewe, kwa ufupi, ni huu. Mpigaji akishaupiga mpira, anakimbia kuzunguka besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha nyumbani, na akifika nyumbani kabla ya mpira ni pointi, mpira ukimtangulia ametolewa. Anayekimbia hageuki kutazama mpira uko wapi. Angegeuka angepunguza mwendo. Anamtazama kocha aliyesimama besi ya tatu. Kocha akizungusha mkono, nenda nyumbani. Akiinua viganja viwili, simama. Kijana anakimbia kwa macho ya mtu mwingine. Na besi ya tatu ilikuwa mahali pa mzee, hakuna aliyewahi kumwona mwingine pale.

Mwezi wa tatu alimtuma mkimbiaji nyumbani wakati mpira ulishafika, ukimsubiri. Vijana wakafanya mzaha. Baada ya mechi mzee akanifuata kwenye kibanda cha mashine, akakaa juu ya mfuko wa mbolea.

"Nikikutazama usoni," akasema, "naona masikio yako. Uso siuoni. Katikati pamekufa, pembeni pamebaki. Daktari anasema haparudi."

Nikasema pole.

"Wakijua ofisini nitaondolewa siku hiyo hiyo, na watafanya sawa. Ila nataka kumaliza msimu huu nimesimama. Niage mwenyewe. Miezi miwili tu."

Ndipo tukabuni taulo. Mipira iliyomshinda ilikuwa ile ya upande wa kulia, kona ya mbali, ambayo mimi wa besi ya kwanza niliiona vizuri. Nikawa nasimama na taulo jeupe begani kama mtu anayetokwa jasho sana. Likibaki begani, simamisha. Likining'inia mkononi, tuma. Mzee hakunitazama mimi. Alitazama pembeni yangu kidogo, na kwa ukingo wa jicho aliona weupe ukishuka. Ya upande wa kushoto aliisikiliza kwa mlio wa gongo na kelele za watu, na alikuwa amekaa kwenye mchezo ule miaka mingi kiasi kwamba mara nyingi ilitosha.

Tangu hapo sikupata raha. Kila mpira ulipopigwa kulia nililishika taulo kabla haujatua. Msaidizi alikuwa akinitazama kutoka kwenye benchi kwa namna ambayo sikuipenda. Mara moja aliniuliza, "Kocha, hilo taulo hulifui?" Nikacheka, naye hakucheka. Mwaka ule jiji lilikuwa limerudishiwa timu kubwa ya besiboli, treni za Metro zimejaa kofia nyekundu, na kila aliyeniona na sare yetu alitaka kuzungumza besiboli. Nilishuka vituo ambavyo si vyangu nikiwakwepa.

Mwishoni mwa mwezi wa nne, chavua ya manjano ikiwa imefunika magari yote, mkurugenzi wa michezo wa chuo alikuja uwanjani. Zilikuwa zimebaki mechi chache. Akamwuliza mzee kwa nini mkata nyasi anasimama uwanjani wakati msaidizi anayelipwa amekaa kwenye benchi. Hakuuliza kwa ubaya. Jumamosi, akasema, msaidizi atasimama besi ya kwanza, naye mwenyewe atakuja kutazama.

Nikamfuata mzee kibandani. "Tumwambie msaidizi kuhusu taulo."

"Hapana."

"Ulimlea mwenyewe, Kocha."

"Ndiyo maana. Ana mtoto. Anataka kiti changu, na ana haki ya kukitaka. Nikimpa jambo hili nitakuwa nimempa kisu na kumwomba asikate." Akasimama. "Ukimwambia, usinisemeshe tena."

Jumamosi ikaja na jua kali. Mimi nilikaa kwenye benchi, ngazi chache chini ya usawa wa uwanja, kwenye kivuli ambacho kutoka besi ya tatu kilikuwa giza tupu. Taulo nilikuwa nalo mapajani. Msaidizi alisimama mahali pangu, mikono kiunoni. Mkurugenzi alikaa jukwaani na mkewe. Mchezo wote mipira ikaenda kushoto au katikati, na kila mmoja ulipopigwa nilikunja ngumi mpaka kucha zikaniuma.

Zamu yetu ya mwisho kupiga tulikuwa nyuma kwa pointi moja, mkimbiaji wetu mmoja yuko besi ya kwanza. Mpigaji akaupiga. Kulia, kona ya mbali kabisa. Ukagonga uzio, ukajiviringisha chini ya viti, na mchezaji wao aliyeufuata akateleza akaanguka. Mkimbiaji alikuwa ameshapita besi ya pili, kichwa juu, anamtazama mzee.

Nikasimama. Kama ningetoka kwenye kivuli nikaliinua taulo lile juani, mzee angeliona, na jukwaa zima lingeniona mimi. Miguu ilikwenda mpaka ngazi ya juu ikaishia hapo. Mzee aligeuza uso kuelekea besi ya kwanza, pembeni kidogo, kama kawaida yake. Msaidizi alikuwa akirukaruka anapiga kelele, mikono yote hewani, na kelele zile zilichanganyika na za jukwaa zima.

Mzee akainua viganja viwili.

Kijana akafunga breki kwenye besi ya tatu, vumbi likaruka. "Kocha! Ningefika natembea!"

Jukwaa likazomea. Mpira ndio kwanza ulikuwa unaokotwa kule kwenye kona.

Mzee akamwomba mwamuzi asimamishe mchezo. Akavuka uwanja, polepole, kwenye nyasi nilizozikata asubuhi, mpaka besi ya kwanza. Nilikuwa karibu vya kutosha kusikia.

"Mpira ulikuwa wapi?"

Msaidizi akamsogelea. "Kwenye kona, Kocha. Chini kabisa."

"Basi nenda besi ya tatu."

"Kocha, baki tu pale. Imebaki kidogo."

"Vijana wanakimbia kwa macho yangu, na mimi sina. Nenda."

Akaenda. Mzee akabaki besi ya kwanza, akavua kofia, akaivaa tena. Mpigaji aliyefuata akashindwa, na wa baada yake, na wa baada yake, na mchezo ukaisha tukiwa tumefungwa. Mzee akawakusanya vijana pale pale, mkurugenzi akisikia, akawaambia habari ya macho yake kwa sauti ile ya mhubiri, akawaaga. Yule mkimbiaji alilia kuliko wote.

Tulipokuwa tunakusanya magongo, msaidizi akanijia. "Nilijua macho yake tangu baridi haijaisha. Nilinyamaza ili amalize. Lakini maana ya taulo sikuijua mpaka leo nilipokuona nalo ngazini. Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza."

Akakaa chini kwenye vumbi, na sare yake safi.

Alipewa kiti, akaniomba nibaki naye. Nilijaribu. Lakini kila nilipoukata uwanja ule nilijikuta nawaza Mbarali, na nikiwaza Mbarali najua safari imeiva. Mwezi wa sita nikafunga begi. Mwenye nyumba wangu akanikejeli, "Sasa unaenda kukoch wapi?" kisha akanifungia chapati kwenye karatasi ya foili.

Nikapitia kwa mzee, Takoma Park, kumuaga. Alikuwa kibarazani.

"Niambie kweli," akasema kabla sijakaa. "Angefika?"

"Angefika, Kocha."

"Anatembea?"

"Anatembea."

Akaitikia kwa kichwa. "Asante. Wengine wote wananiambia ilikuwa karibu karibu."

Nilipoinuka naye akainuka, akasema atanisindikiza mpaka kituo cha basi. Nikamkatalia, akakasirika, tukaenda. Kituoni nikamwona anavyopapasa ukingo wa njia kwa ncha ya kiatu, nikashindwa kumwacha, nikamrudisha mpaka kwake. Langoni akaanza tena kugeuka anisindikize.

"Sasa anayeondoka ni nani?" akasema, tukacheka wote wawili, basi langu likipita nyuma yetu bila kusimama.

Nilipanda lililofuata. Sijarudi tena.