Karatasi ya Mtungi wa Oili

Oili, fundi wa meno wa mji wa Lohja, Finland, alishapiga mbizi zaidi ya mara mia na vyeti vyote alikuwa navyo. Kilichobaki ni Tauno, mkufunzi, amkubali kwenye kozi ya kushuka mita sitini kwa gesi yenye heliamu.

Asubuhi hiyo, ukingoni mwa mgodi wa zamani uliojaa maji, Tauno aliinama akasoma karatasi ya vipimo iliyobandikwa kwenye mtungi wa gesi wa Oili.

“Nani kapima gesi hii?”

Oili alimtupia jicho mumewe, Reijo, aliyekuwa akimmiminia kahawa. Jana yake Reijo alimpimia ili mkewe apate kulala mapema.

“Mume wangu,” akasema kweli.

“Basi ashuke yeye. Huko chini nani ataivuta, dada?”

“Mimi.”

“Lakini nimepima sawasawa, bwana!” Reijo akalalamika.

“Nyamaza, bwana harusi. Hapa hatupimi mapenzi.”

Uso ukamwiva Oili. Aliibandua karatasi, akachukua kipimo, akapima mwenyewe taratibu. Namba zilitoka zile zile za Reijo. Akaziandika upya kwa mkono wake, akatia sahihi.

Tauno alisoma mpaka mwisho.

“Haya, kavae. Kahawa yako nitainywa mimi.”