Kigoda cha Mama na Kilima cha Pugu

Siku ya kumzika mama yake, Nikodemu alichekeshwa mpaka akasahau kulia. Mtani wake Alfonsi, Mhehe aliyekuwa akipasua naye mbao kule Temeke, alijilaza njiani mbele ya jeneza, eti maiti ya Mngoni haipiti mpaka yeye Mhehe abembelezwe. Walipotoka makaburini akaingia jikoni, akakitwaa kigoda cha marehemu, akajitwika, huyoo, akaenda nacho kwake. Ndiyo haki ya mtani msibani. Huchukua atakacho, na mfiwa haruhusiwi kununa.

"Utakipata," alisema, "siku utakayonitangulia kwenye mbio za Pugu."

Mbio hizo serikali ya Mwingereza ilikuwa ikiziandaa kila mwaka wakati wa vuli, kutoka Temeke mpaka juu ya vilima vya Pugu na kurudi. Nikodemu hakuwahi kushiriki. Lakini kigoda kile mama alitoka nacho Songea, akakikalia miaka yote akichambua mboga, na kila Nikodemu alipoiona ile pembe tupu ya jiko moyo ulimuuma. Akajiandikisha.

Miguu alikuwa nayo, tena mizuri. Kilichomponza ni mdomo. Jumapili baada ya misa walikwenda kujizoeza pamoja, na kila walipoanza kupanda, Alfonsi alianza yake.

"Mngoni, panya huyo kakatiza! Mkimbize, mboga inapotea!"

Wangoni hutaniwa kwa kula panya, Wahehe kwa kula mbwa. Nikodemu angefanyaje? Kumnyamazia mtani ni kukubali umeshindwa. Basi alicheka, akajibu, akajibiwa, akacheka tena, mpaka kichomi kikamkalisha chini katikati ya kilima. Alfonsi huyo akayoyoma.

Mkewe, Filomena, alichoka kumwona akirudi anachechemea huku anacheka.

"Baba Eufrazia, kilima hakijakushinda. Ulimi wako ndio umekushinda. Kesho twende wote."

Alikwenda naye na mashoga zake waliokuwa wakitafuta kuni Pugu. Wakajipanga kwenye mteremko, naye akipanda na kushuka wakamtania bila huruma, kuanzia miguu yake mpaka posa aliyoleta kwa kina Filomena akiwa na kaptura iliyotoboka. Siku ya kwanza alianguka kwa kicheko. Siku zilizofuata alikuwa akiyauma meno. Vuli ilipoanza kunyesha, alikuwa anapanda kilima kizima mdomo umefungwa, na wale wanawake ndio walioishiwa maneno.

Siku ya mbio ikafika. Nani aliyekuwa wa kwanza? Temeke hakuna anayemkumbuka. Watu walikuwa wanawatazama watani wawili tu.

Kupanda kulipoanza, Alfonsi akafungulia. Panya, kaptura, babu zake Nikodemu waliotimuliwa na Wahehe, vyote vikamwagika. Nikodemu kimya. Alfonsi akaongeza sauti, na kadiri alivyoongeza ndivyo pumzi zilivyomkatika. Kileleni walifika bega kwa bega, mmoja amefunga mdomo, mwingine anahema kama mvukuto.

Walipogeuka kushuka, mbwa mmoja alitoka kichakani akabweka, akaanza kumfukuza Alfonsi. Hapo Nikodemu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Mtani, usimkimbie! Wahehe tangu lini mkaogopa kitoweo?"

Alfonsi alipasuka. Alicheka akajishika mbavu, akainama, akakaa kwenye matope akiipigapiga ardhi kwa kiganja, na hata mbwa akamwacha. Nikodemu alikuwa ameshashuka, anaruka madimbwi, anahisi angeweza kukimbia mpaka Songea. Temeke nzima ilimpokea kwa vigelegele, na sauti ya Filomena ilizishinda zote.

Jioni ile Alfonsi alikuja na matope yake, kigoda kichwani, watoto wakimfuata. Mguu mmoja wa kigoda uliokuwa umelegea tangu zamani alikuwa ameukaza kwa kabari ya mti mgumu, akakipaka mafuta mpaka kinang'aa.

"Mwenye nyumba, mzigo wako huu. Umenivunja shingo."

Nikodemu alikipokea, akakirudisha kwenye ile pembe ya jiko, akakikalia. Ndipo alipomlilia mama yake, kwa sauti, mbele za watu wote. Alfonsi alichuchumaa kando yake, akamshika bega, na hakumtania.