Penseli Nilishika Mimi

Wiki iliyopita niliingia duka la vifaa vya mashua pale Pickering nikaulizia ramani ya karatasi ya Ziwa Ontario. Kijana muuzaji alinitazama kwa huruma, akanionyesha simu yake. Zote zimo humu, akasema, hata dira. Nilitoka na hasira zangu, rafiki yangu, na ndizo zinazonikalisha hapa nikusimulie kiangazi cha mwaka 2009, nilipokuwa binti wa miaka kumi na miwili.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliwahi kufanya kazi chumba cha ramani bandarini Tanga. Huku Toronto alikaa ofisini Don Mills siku tano, na mbili zilizobaki zilikuwa za mashua yake kuukuu ya matanga. Baharia wake nilikuwa mimi. Nilisugua sakafu, nikakunja matanga, na mikono yangu ilinukia chungwa mchana kutwa, kwa sababu ndivyo tulivyopima mwendo: nadondosha ganda mbele ya mashua, nahesabu mpaka lifike nyuma, shangazi anapiga hesabu na kutia alama ya penseli kwenye ramani. Nyumbani nilijibu kila kitu kwa Kiingereza. Mashuani nilihesabu kwa Kiswahili, maana shangazi hakupokea hesabu nyingine.

Baba aliuona huo ni wazimu. Shangazi aliposema tutavuka ziwa hadi upande wa Niagara, Baba alinunua jipiesi, mashine ndogo ya kuonyesha mahali ulipo, akaamua kuja nayo mwenyewe, na akatoa sharti mbele yangu. "Dada, penseli yako ikikosea, mtoto hapandi tena mashua hii."

"Sawa," shangazi akasema. "Ila penseli anashika yeye."

Tuliondoka asubuhi. Kila nusu saa nilihesabu ganda, nikasoma dira, nikatia alama kwenye ramani. Baba alibonyeza jipiesi yake akitutangazia tulipo bila kuulizwa. Kabla ya saa tano betri ziliisha. Za akiba alikuwa amezitia kwenye redio ya jikoni, nyumbani Pickering. Shangazi hakucheka. Mimi nilicheka, na Mungu akanionyesha.

Tulipasha chapati kwenye jiko dogo la mashua. Kikaango kilipopoa, kile kizito cha chuma, nilikifunga kwa khanga nikakisokomeza kwenye shubaka lililo chini ya dira, kisije kikateleza. Nchi kavu haikuonekana popote kwa utusitusi wa joto. Shangazi alishika usukani akiifuata dira.

Nusu saa baadaye nilisimama na ganda langu, nimeelekea mbele kama kila mara. Jua, lililonichoma bega la kushoto asubuhi nzima, lilikuwa usoni kwangu. Dira ilisema hatujageuka. Nikatazama saa ya mkononi. Jua haliruki hivyo kwa nusu saa. Niliogopa sana, nakwambia kweli, kwani kusema ilikuwa kukiri kwamba penseli imekosea, na mashua ningeikosa.

Nikasema.

Shangazi alitazama jua, akainama, akapapasa shubakani na kukivuta kikaango. Alipokipeleka mbali na dira, sindano iliyokuwa imevutwa na chuma kile ilirudi taratibu. Hakunigombeza. Alinipa kifutio. Kwa kuwa kila nusu saa ilikuwa imeandikwa, tulijua tulianza kupotea wapi na tumepotea kiasi gani, nikachora njia upya.

Saa nane mchana mnara wa bandari tuliyoilenga ulitokea mbele yetu. Baba aliutazama, akaitazama ramani, akasema ni bahati tu.

"Si bahati, Baba," nikamwambia, kwa Kiswahili. Jumamosi iliyofuata alinipeleka mashuani mwenyewe.

Mashua ile iliuzwa. Macho ya shangazi yamechoka, na pale ghubani tulipokuwa tukiifunga mashua sijaona tena mtu akidondosha ganda la chungwa. Baba haendi kwa binamu yake Unionville, nyumba anayoijua miaka ishirini, mpaka simu imwambie kata kulia. Nikilalamika naambiwa nimepitwa na wakati. Waseme. Nilikosea mwenyewe katikati ya ziwa, nikaligundua kosa langu mwenyewe, nikalisema wakati lingeweza kunigharimu kila nilichokipenda, na tukafika. Waniletee kifaa kinachofundisha hilo, nami nitakinunua siku hiyohiyo.