Mpira wa Breki Uliobaki Mezani

Masika yalipokaribia mwaka huo, Evod alikuwa na miaka sitini na mitatu, bega la kulia lililokataa kupanda juu ya usawa wa sikio, na mke aliyepooza upande mmoja. Pale Mlabani, Ifakara, watu walimwita Fundi Springi. Kazi hiyo aliianza akiwa kijana kwenye karakana moja kule Mahenge, na tangu hapo hakushika nyingine: kukunja upya springi za magari zilizolegea, kuziongezea pati, vile vipande vya chuma vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, kuyanyanyua magari ili yapite kwenye matope ya bondeni. Mafundi wa siku hizi waliagiza springi Dar es Salaam zikiwa zimeshakunjwa, wakafungua boksi, wakafunga. Yeye aliendelea kuzigonga kwa nyundo, pati moja baada ya nyingine, na kila pati ilitaka mapigo mia na zaidi.

Agnetha, mkewe, alipatwa na kiharusi mwaka juzi akiwa anapeta mchele uani. Tangu siku hiyo Evod ndiye aliyemwogesha, aliyempikia uji, aliyemhamisha kufuata kivuli. Binti yao Violeth alikuwa mbali, Kidatu, kwenye mashamba ya miwa, akija mara moja kwa mwezi. Mchana jirani yao Digna alipitapita kumwangalia mgonjwa. Evod alifika gereji yake akiwa amechoka na kurudi nyumbani akiwa amechoka zaidi, hata ikafika mahali akasahau jinsi mtu asiyechoka anavyojisikia.

"Baba Violeth, pumzika," Agnetha alimwambia asubuhi moja kwa ule ulimi wake mzito.

"Nitapumzika masika yakiisha."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

Evod akamfunika khanga miguuni, akaondoka.

Wiki hiyo ndipo Nkwabi alipofika na gari lake. Alikuwa Msukuma, mtu wa makamo, mwenye mashamba ya mpunga ng'ambo ya Malinyi, na gari lenyewe lilikuwa Land Cruiser ya zamani, ile ambayo watu huiita mkonga kwa sababu ya bomba lake la kuvutia hewa lililopanda ubavuni kama pua ya tembo. Alilitumia kubeba mbegu na mbolea, na watu pia, maana masika yakikolea huko kwao hakuna gari jingine linalofika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana Nkwabi. Habari za Malinyi?"

"Za huko ni maji tu, bhabha. Mvua bado haijakolea, lakini barabara imeshaoza." Akalipiga gari kofi la mgongoni kama apigaye ng'ombe. "Nataka unipandishie hili. Mwaka jana lilikaa tumbo juu ya tope, magurudumu yakabaki kuzunguka bure. Nilikuwa na mgonjwa ndani. Tulimbeba kwa machela kutoka pale."

"Unataka lipande kiasi gani?"

Nkwabi akaonyesha kutoka kifundo cha mguu hadi karibu na goti. Evod akacheka, kicheko kifupi cha mtu asiye na pumzi ya kupoteza.

"Likipanda hivyo, kona ya kwanza tu linalala ubavu. Vidole vinne vinatosha. Zaidi ya hapo, tafuta fundi mwingine."

"Vinne vya mkono wako au wangu?"

"Wangu. Wako ni mnene, utaniibia kimoja."

Wakakubaliana. Evod akamweleza, kama alivyomweleza kila mteja, kwamba kunyanyua gari si springi peke yake. Ukiinua mwili wa gari, kila kilichofungwa kati ya mwili na ekseli kinavutika. Shokapu, zile zinazopunguza mtikisiko, zinakuwa fupi. Propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli, inakaa mshazari. Mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta ya breki chini kwenye ekseli, unakosa urefu, na gurudumu likizama shimoni unaweza kukatika. Vyote hivyo hubadilishwa. Alivitaja kwa mdomo kama mtu anayesali rozari, bila kufikiri.

Siku ya kwanza alizishusha springi. Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu ya miaka mingi, na kila moja aliifungua akiwa amelala chali, mchanga ukimdondokea machoni. Siku ya pili aligonga. Saa nne asubuhi bega lilianza kuwaka. Saa sita akawa anainua nyundo kwa mkono wa kulia na kuusaidia kwa wa kushoto, kama mtu anayesukuma mlango mzito. Ng'ambo ya barabara, Lukelo, fundi wa miaka thelathini na minane ambaye Evod alizoea kumwita fundi wa maboksi, alisimama mlangoni mwa gereji yake akimtazama.

"Mzee, nije nikupokee kidogo?"

"Kafungue maboksi yako," Evod akamjibu bila kugeuka.

Siku ya tatu mchana, springi zikiwa zimesharudi mahali pake na shokapu mpya ndefu zimefungwa, Evod aliuchukua mpira mpya wa breki, mrefu kuliko wa zamani, akauweka juu ya meza ya kazi. Alikuwa ameinama kutafuta spana pale Digna alipoingia akihema.

"Mzee Evod, njoo. Mama Violeth ameanguka kitandani."

Aliondoka vilevile, mikono ikiwa na grisi. Alimkuta Agnetha sakafuni, ameegemea ukuta, hakuumia ila kwenye kiwiko, akilia kwa hasira zaidi kuliko maumivu. Wakamnyanyua yeye na Digna. Evod akamfuta, akambadilisha nguo, akakaa naye mpaka akasinzia. Aliporudi gereji jua lilikuwa limeinama na Nkwabi amesimama kando ya gari, furaha imemjaa.

"Mzee, limesimama kama dume! Limekwisha?"

Evod akalizunguka gari. Akakaza bolti za magurudumu, akatikisa shokapu, akaichungulia propela. Kichwani mwake alikuwa bado anamwona Agnetha sakafuni. Alikanyaga breki mara moja. Ilishika, maana gari lilikuwa limesimama mahali tambarare na mpira wa zamani ulikuwa bado haujavutwa.

"Limekwisha," akasema.

Nkwabi akalala kwa ndugu yake mjini, na alfajiri akapakia watu na mbegu, akashika njia ya Malinyi.

Saa mbili asubuhi Evod alifungua gereji, akaweka kikombe cha chai juu ya meza ya kazi, na kikombe kikagusa kitu. Mpira mpya wa breki, bado umo kwenye mfuko wake.

Evod akakaa juu ya tairi kuukuu. Miaka arobaini, na hajawahi kutoa gari bila kubadilisha mpira wa breki. Alimpigia Nkwabi simu. Namba haikupatikana. Akapiga tena, na tena. Akampigia Fulgence, mwenye bodaboda, mwenzake wa jumuiya ya kanisani.

"Njoo na pikipiki. Twende njia ya Malinyi."

"Malinyi? Mzee, na barabara hii?"

"Njoo tu, Fulgence. Nakuomba."

Akatia kwenye mfuko wa turubai ule mpira, chupa ya mafuta ya breki na spana tatu. Akapita nyumbani kumwomba Digna abaki na mgonjwa, kisha wakaondoka.

Walivuka daraja la mto Kilombero, maji chini yakiwa mekundu na mapana. Walipofika Lupiro wakauliza, wakaambiwa mkonga wa Nkwabi umepita mapema, umejaa watu. Baada ya hapo njia ikawa tope. Mara mbili pikipiki iliteleza wakaanguka, mara ya pili Evod akaangukia bega lake bovu, akabaki amelala kwenye tope la mashamba ya mpunga, akitazama mawingu, akaona ingekuwa vyema kutoinuka tena. Fulgence akamshika kwapa.

"Mzee, turudi. Labda ameshafika salama."

"Na kama hajafika?"

Wakaendelea. Evod hakuomba kwa maneno marefu. Alisema tu moyoni, wasife, wasife, kila gurudumu lilipopiga shimo.

Mbele kidogo ya Itete waliliona. Lilikuwa limesimama mshazari, pua ndani ya shamba la mpunga, maji yakifika nusu ya magurudumu ya mbele. Watu walikuwa wamekaa kwenye tuta la barabara: wanaume wawili, na wanawake watano, mmoja mwenye mimba kubwa amejilaza juu ya mfuko wa mbegu. Evod akawahesabu kwa macho, akarudia. Wote walikuwa wakisogea, wakizungumza. Akashuka kwenye pikipiki.

Nkwabi alimwona, akastaajabu. "Mzee! Umejuaje? Tumevuka korongo pale, gurudumu la nyuma likazama sana. Mbele kidogo nakanyaga breki, inakwenda chini nusu yake. Nikaona heri niingie shambani kuliko kumgonga yule mwenye baiskeli." Akatikisa kichwa. "Kosa langu. Nilikuwa na haraka, nililiendesha kama mtoto."

Evod aliingia majini, akainama nyuma ya gari. Mpira wa zamani ulikuwa umechanika karibu na ncha yake, mafuta ya breki yakidondoka tone kwa tone. Hakuna aliyekuwa anatazama ila yeye. Angeweza kuufunga mpya, akapokea shukrani, akarudi nyumbani kama mtu aliyekuja kuokoa. Wazo hilo lilimpitia, hakujidanganya kwamba halikupita. Lakini hata kulibeba kulimchosha.

Akainuka. "Nkwabi, si kosa lako. Ni langu."

"Lako kivipi?"

"Mpira huu nilipaswa kuubadilisha jana. Huu hapa, mpya. Ulibaki mezani. Nilisahau."

Nkwabi akamtazama yeye, akautazama mpira. Furaha yote ya jana ikamtoka usoni.

"Ulisahau."

"Nilisahau."

"Nina mjamzito humu, mzee. Mke wa mdogo wangu. Nina watu saba." Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nilikuja kwako, nikawapita wengine wote, kwa sababu wanasema Fundi Springi hakosei."

"Najua."

"Hujui." Nkwabi akageuka, akapanda tutani, akakaa akiwapa wote mgongo.

Evod akalala chali chini ya gari, mgongo majini. Akaufungua mpira wa zamani, akaufunga mpya. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi na bega lilimwuma mpaka kichefuchefu kikampanda. Lakini kutoa upepo kwenye breki si kazi ya mtu mmoja. Mmoja hukaa chini, mmoja hukanyaga.

"Nkwabi," akaita. "Nahitaji mtu wa kukanyaga."

Kisha akasikia maji yakisukumwa, mlango ukafunguka, gari likainama kidogo.

"Kanyaga."

Akakanyaga.

"Shikilia." Evod akafungua, upepo ukatoka na mafuta, akafunga. "Achia."

Wakaendelea hivyo kwa muda mrefu, mmoja juu, mmoja chini, hakuna neno jingine kati yao ila hayo matatu. Kanyaga. Shikilia. Achia. Mpaka breki ikawa ngumu.

Watu wakasukuma, Nkwabi akarudisha nyuma, na gari likatoka shambani, tumbo lake juu kabisa ya tope. Springi zilifanya kazi yake. Hakuna aliyelisema hilo. Mwanamke mwenye mimba alisaidiwa kupanda, akampita Evod, akamwambia, "Pole, babu, umelowa."

Nkwabi aliwasha gari, akateremsha kioo. "Sitakuambia hakuna neno, mzee. Neno lipo. Lakini umekuja mwenyewe." Akaingiza gia. "Nenda kapumzike. Namaanisha hivyo." Akaondoka.

Evod alifika nyumbani jua likizama, homa imeanza kumshika. Alimsimulia Agnetha yote, hakuficha kitu, hata lile wazo lililompitia. Agnetha alisikiliza, mkono wake mzima ukiwa juu ya mkono wa mumewe.

"Uliposahau, ulikuwa unaniwaza mimi," akasema.

"Gari halijui nilikuwa namuwaza nani."

Agnetha akambana mkono. "Basi tafuta mtu wa kukukumbusha. Mimi nina wewe. Wewe una nani?"

Alikaa siku nne bila kufungua gereji. Siku ya tano alivuka barabara. Lukelo alikuwa amechutama kando ya boksi la springi, akainuka haraka na kujifuta mikono.

"Shikamoo, mzee. Nilisikia unaumwa."

"Marahaba." Evod akatafuta pa kuanzia, akakosa, akaanza popote. "Juzijuzi nilitoa gari bila kubadilisha mpira wa breki."

Lukelo hakucheka. Evod alikuwa amejiandaa kwa kicheko.

"Naomba tushirikiane," Evod akaendelea. "Kugonga utagonga wewe, nitakuonyesha. Na lisitoke gari kwangu mpaka wewe umepita chini yake. Nami nitapita chini ya yako."

"Hata haya ya maboksi?"

"Hata hayo."

Lukelo akayatazama matope yaliyokauka kwenye viatu vya mzee, akaitikia kwa kichwa.

Masika hayo walinyanyua magari sita pamoja. La kwanza, Evod alilikagua mwenyewe mara mbili, akaridhika, kisha akamwita mwenzake. Lukelo akajisogeza chini kwa mgongo, akajaribu nati moja moja.

"Mzee, nati ya shokapu ya kushoto haijakazwa."

Aibu ikampanda Evod usoni, ya moto, kama kijana wa karakana aliyekemewa mbele ya watu. Nyuma yake ikaja ahueni, polepole. Akamsukumia spana chini ya gari kwa mguu, akaketi juu ya tairi, akanyoosha miguu yote miwili.