Udongo wa Mkono wa Kulia

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mwenye lori alikuwa tajiri, na kila lori la vitunguu lilijazwa mpaka ndege wa angani wakatokwa machozi. Mimi na rafiki yangu tulikuwa wapakiaji. Tulikaa juu ya magunia, juu kweli kweli. Nikinyoosha shingo naiona Dar es Salaam. Karibu na Mkiwa tairi likapasuka. Lori lilipolala ubavu, mwenzangu alinishika mkono wa kulia.

Alizikwa kwao Kinyangiri nikiwa bado wodini. Mfupa wa mkono uliunga, ila mshipa wa fahamu ulikuwa umeumia. Kiganja kilining'inia kama sikio la mbuzi, vidole vimejikunja, havinyooki. Nilipotoka nikaenda kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumtupia mwenzako udongo?"

Nikanyoosha mkono wa kushoto.

"Huo rudi nao. Marehemu hatupiwi kwa kushoto. Nitakungoja."

Ndipo nikaanza kwenda hospitali ya Kiomboi, kwa mama wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mfupi, sauti yake inatosha kusimamisha basi. Alinifunga kibao cha kifundo cha mkono chenye vipande vya tyubu ya baiskeli vya kuvuta vidole juu. Wagonjwa wenzangu niliwaambia ni redio, inashika mpaka London. Kazi yangu ilikuwa kuchota konzi ya mtama na kuimwaga kwenye bakuli. Kuchota, nilichota. Kumwaga, wapi!

"Kaka, nani amekushika huko?" mama wa mazoezi alinitania.

Nilicheka kuliko wote. Sikumwambia kwamba kweli nilimsikia mtu. Kila nilipotaka kufungua, vidole vyake vilikaza juu ya vyangu, na harufu ya vitunguu ikanijia.

"Kushika unajua," alisema. "Hapa tunaufundisha mkono kuachia."

Masika yalikuwa yameisha kidole gumba kilipoinuka. Nilipiga kelele, ng'ombe wa wilaya nzima wakakimbia. Vidole vingine vilifuata kwa uvivu, kama watoto wanaoamshwa kwenda shamba. Siku mtama ulipomwagika wote bakulini, mama wa mazoezi alinifungua kibao mwenyewe.

"Haya, nenda kwa huyo mama uliyesema anakungoja."

Nilimkuta akipepeta uwele. Akaweka ungo chini, akatangulia mpaka kaburini. Nikainama, nikachota udongo, nikanyoosha mkono wa kulia.

Vidole vikakaza.

"Taratibu," alisema nyuma yangu. "Hana haraka."

Nikaanza na kidole gumba, kama mezani kule Kiomboi. Kikainuka. Kikafuata cha pili. Udongo ukaanguka.

Mama yake akaanza kulia, kwa sauti ya chini. Mimi nilitazama kiganja. Tangu Mkiwa hakikuwahi kuwa kitupu namna ile. Nikakifumba haraka, nikapapasa ndani yake.

Hapakuwa na mtu.